Pengo lililoongezeka maradufu bila mtu kubadili nia: uchambuzi wa kisa cha kukadiria matokeo ya utafiti wa maoni

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika chumba cha habari cha gazeti la kila siku, wiki saba kabla ya uchaguzi wa urais. Majina ya gazeti, kampuni ya utafiti, waandaaji wa mdahalo na wagombea yameondolewa. Tarakimu nazo zimesogezwa kidogo ili asitambulike mtu, lakini uhusiano kati yake umeachwa kama ulivyokuwa, kwa kuwa humo ndimo lilimo jambo lenyewe. Wagombea nitawaita A, B na C. Mimi nilikuwa dawati la takwimu, na mchoro wa kwanza nitakaoueleza ulipita mikononi mwangu kabla ya kwenda mtamboni.

Gazeti lilikuwa na makubaliano na kampuni moja ya utafiti: kila baada ya wiki mbili kampuni ihoji watu wapatao 1,200 kwa simu, nasi tuchapishe matokeo. Kila awamu ilikuja na vitu viwili. Cha kwanza ni ripoti fupi yenye jedwali la asilimia kwa desimali moja. Cha pili ni faili la data lenye idadi ya wahojiwa baada ya kupewa uzito. Uzito ni marekebisho ya kawaida katika kazi hii: ikiwa vijana ni wachache kwenye sampuli kuliko walivyo katika daftari la wapiga kura, jibu la kijana mmoja huhesabiwa kama la mtu mmoja na ushee, na jibu la mtu wa kundi lililozidi huhesabiwa pungufu ya mmoja. Ndiyo maana katika mafaili haya utakuta mgombea ana wafuasi 29.6. Hakuna mtu aliyekatwa vipande. Ni uzito tu.

Sera ya gazeti ilikuwa kuchapisha namba nzima, bila desimali. Naiunga mkono sera hiyo hadi leo. Sampuli ya watu 1,200 ina kiwango cha makosa (umbali ambao namba ya sampuli inaweza kuwa kando ya ile ya wapiga kura wote) cha pointi 2.8 za asilimia juu au chini, na hapo bado hatujahesabu makosa yanayoletwa na uzito wenyewe, na watu kutopokea simu, na namna swali lilivyoulizwa. Kuandika 46.4 juu ya msingi kama huo ni kupima shehena kwa mizani ya sonara.

Tatizo ni kwamba sera ilisema *nini* kichapishwe, haikusema namba nzima ipatikane kutoka wapi, wala nani aikadirie. (Kukadiria, katika makala haya, ni kupandisha au kushusha namba hadi ile nzima iliyo karibu nayo.) Kila mtu alidhani jambo hilo ni dogo mno kuandikiwa kanuni.

Kulikuwa na jambo la tatu lililokuwa likisubiri pembeni. Waandaaji wa mdahalo wa wagombea walikuwa wametangaza kwamba atakayealikwa ni mgombea mwenye "asilimia 3 au zaidi katika utafiti uliochapishwa". Utafiti waliokuwa wakiufuata ni huu wetu.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Ripoti ya awamu ya kwanza iliingia Ijumaa jioni. Jedwali lilisema A 46.4, B 43.5, C 2.5, ambao hawajaamua 7.6. Jumla 100.0. Mchoraji aliziandika namba hizo nne kwa mkono kwenye Excel, akaiamuru isionyeshe desimali, akapata 46, 44, 3 na 8. Nilizilinganisha na ripoti moja moja, nikaona kila moja imekadiriwa kwa kanuni tuliyofundishwa shuleni, kwamba nusu hupanda. Nikapitisha.

Meza ya pili, mwenzetu wa tovuti alikuwa ameziingiza namba zilezile kwenye programu ndogo aliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Hapa pana jambo ambalo hata watu wa hesabu wengi hawalijui. Excel hupandisha 2.5 kuwa 3. Python huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu: 2.5 huwa 2, na 3.5 huwa 4. Kanuni hiyo ina sababu nzuri, kwa maana ukipandisha kila nusu katika hesabu ndefu, jumla huegemea juu. Lakini Jumamosi asubuhi gazeti la karatasi lilimpa C asilimia 3, na tovuti ya gazeti hilohilo ikampa 2. Ndani ya jengo hakuna aliyeona.

Wasomaji waliona. Mhasibu mmoja mstaafu alituandikia: "Ndugu Mhariri, nimejumlisha 46, 44, 3 na 8 mara tatu, na kila mara napata 101. Huyo mmoja wa ziada ametoka wapi?" Tulimjibu kwa heshima kwamba jumla inaweza kuzidi au kupungua 100 kwa sababu ya kukadiria. Jibu hilo ni la kweli kwa tafiti nyingi duniani. Kwa jedwali hili lilikuwa si kweli, kama tutakavyoona, na kwa kuwa lilikuwa tayari mdomoni hatukulichunguza.

Wiki mbili baadaye ikaja awamu ya pili: A 46.6, B 43.3, C 2.4, ambao hawajaamua 7.7. Tulizikadiria zikawa 47, 43, 2 na 8. Safari hii jumla ilikuwa 100, karatasi na tovuti zikakubaliana, kila mtu akaridhika. Mhariri wa zamu aliweka kurasa mbili kando kwa kando. Awamu iliyopita A alimzidi B kwa 2. Sasa anamzidi kwa 4. Kichwa cha habari kikajiandika chenyewe: A aongeza pengo maradufu. Ukurasa wa ndani ulikuwa na kingine: C apoteza theluthi ya wafuasi wake.

Siku iliyofuata kituo kimoja cha redio kilichukua namba zetu, kikawatoa ambao hawajaamua, kikagawanya 47 kwa 92, kikapata 51, kikatangaza kwamba A amevuka nusu. Jumatatu waandaaji wa mdahalo, ambao walikuwa wamemwalika C kwa ile 3 ya kwenye karatasi, wakamwandikia kwamba mwaliko umeondolewa. Jumanne mchambuzi wa kampuni ya utafiti akanipigia simu. Hakuwa amekasirika, alionekana kuchoka tu. Alisema: "Ndugu yangu, hakuna kilichosogea. Fungua faili."

Ndani ya faili

Faili la data lilikuwa limekaa kwenye barua pepe tangu Ijumaa ya kwanza bila kuguswa. Nilifungua la awamu ya kwanza, nikabofya seli ya C. Kwenye jedwali seli ilionyesha 2.5. Juu, kwenye mstari wa fomula, palikuwa na 29.6 gawanya kwa 1,204, na nilipoongeza desimali ikatokea 2.458. Nilikaa nikiitazama kwa muda.

| | Awamu ya 1: watu | Asilimia | Karatasini | Awamu ya 2: watu | Asilimia | Karatasini |
|---|---|---|---|---|---|---|
| A | 558.7 | 46.404 | 46 | 558.3 | 46.603 | 47 |
| B | 523.9 | 43.513 | 44 | 518.7 | 43.297 | 43 |
| C | 29.6 | 2.458 | 3 | 29.3 | 2.446 | 2 |
| Hawajaamua | 91.8 | 7.625 | 8 | 91.7 | 7.654 | 8 |
| Jumla | 1,204.0 | 100.000 | 101 | 1,198.0 | 100.000 | 100 |

Ukiikadiria 2.458 mara moja hadi namba nzima, unapata 2. Kampuni ilikuwa imeikadiria kwanza hadi desimali moja, ikawa 2.5, nasi tukaikadiria ile 2.5 tena, ikawa 3. Hatua mbili ndogo, kila moja sahihi peke yake, zilimpandisha mgombea mahali ambapo hakuwa. Tovuti ilipata 2, ambayo ndiyo namba sahihi, lakini iliipata kwa bahati ya kanuni ya Python. Na ukurasa wa kwanza wa ripoti, katika maneno ya utangulizi ambayo hakuna kati yetu aliyeyasoma, kampuni yenyewe ilikuwa imeandika kwamba C ana asilimia 2. Jumla yao ilikuwa 46, 44, 2 na 8, yaani 100 kamili. Yule mhasibu mstaafu alikuwa amegusa kosa letu kwa kidole, nasi tukamjibu kwa maelezo ya vitabuni.

Tazama sasa safu ya "watu". Theluthi ya wafuasi ambayo C aliambiwa ameipoteza ni tofauti kati ya 29.6 na 29.3: sehemu tatu za kumi za mhojiwa mmoja. A, aliyeongeza pengo "maradufu", alipungukiwa na sehemu nne za kumi za mtu, katika sampuli iliyokuwa ndogo kidogo kuliko ya kwanza. Pengo halisi la awamu ya kwanza lilikuwa 2.9. La awamu ya pili lilikuwa 3.3.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza uliokuwa mezani ni kama kuna la kusahihisha. Kuhusu C hakukuwa na ubishi. Ile 3 ilikuwa kosa. Kuhusu pengo, mhariri wa zamu alitetea kichwa chake cha habari kwa hoja inayostahili kuelezwa kwa haki, maana wengi wangeitoa. Alisema 46 ni makadirio sahihi ya 46.404, 44 ni makadirio sahihi ya 43.513, na 46 kutoa 44 ni 2. Vivyo hivyo 47 kutoa 43 ni 4. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye kutoa. Namba iliyokadiriwa hadi namba nzima inaweza kuwa imesogea hadi nusu pointi kutoka mahali pake. Ukitoa namba mbili za aina hiyo, tofauti inaweza kusogea hadi pointi moja. Na ukilinganisha tofauti mbili, kama tulivyofanya baina ya awamu, msogeo unaweza kufika pointi mbili. Katika awamu ya kwanza A alishushwa na B akapandishwa, kwa hiyo pengo lilibanwa kwa karibu 0.9. Awamu ya pili ikafanya kinyume: A akapandishwa, B akashushwa, pengo likatanuliwa kwa karibu 0.7. Jumlisha hizo mbili unapata takriban 1.6, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya ile "2" iliyozaa kichwa cha habari. Iliyobaki, 0.4, ndiyo iliyotoka kwa wahojiwa. Mhariri alisikiliza, akachukua kalamu, akarudia hesabu mwenyewe kwenye karatasi, kisha akasema tusahihishe.

Uamuzi wa pili ulikuwa namna ya kusahihisha, na hapo tulikosea tena. Tukiwa na aibu ya kuwa tulificha tarakimu, tuliamua kuonyesha zote. Jumatano tulichapisha masahihisho yenye desimali: 46.4 kwa 43.5, kisha 46.6 kwa 43.3, pengo 2.9, kisha 3.3. Sababu yetu ilikuwa uwazi, na nilikuwa miongoni mwa walioishikilia. Siku ya pili yake gazeti jingine liliandika kwamba pengo la A limepanda hadi 3.3, na kampeni ya A ikaitumia namba hiyo kama ushahidi wa wimbi. Tulikuwa tumeondoa maradufu ya uongo, tukaweka mahali pake ongezeko dogo la uongo lenye sura ya usahihi zaidi.

Uamuzi wa tatu ulichukua wiki nzima, na uliandikwa. Kukadiria kunafanyika mara moja tu, mwishoni, kutoka kwenye idadi ya watu iliyo katika faili la data, si kutoka kwenye jedwali la ripoti. Pengo, badiliko kutoka awamu hadi awamu, na jumla ya makundi (kwa mfano "wanaokubali sana" na "wanaokubali kiasi") zinakokotolewa kutoka kwenye idadi hiyohiyo kabla ya kukadiriwa, hata kama jibu halitalingana na kutoa au kujumlisha namba zilizochapishwa. Kinachochapishwa ni namba nzima. Tovuti na karatasi zinalishwa na faili moja. Msemo kwamba jumla huenda isiwe 100 unawekwa tu baada ya mtu kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyo kwa jedwali husika. Na neno "ameongeza" au "amepoteza" haliandikwi mpaka badiliko lilinganishwe na kiwango cha makosa cha badiliko lenyewe.

Uamuzi wa nne ulikuwa barua kwa waandaaji wa mdahalo. Tuliwaeleza kwamba ile 3 ilikuwa yetu, si ya utafiti. Kwamba C alikuwa kwenye 2.4 na ushee mara zote mbili. Na kwamba kwa sampuli ile namba yake ina kiwango cha makosa cha karibu pointi 0.9, kwa hiyo kiwango chake halisi kinaweza kuwa popote kati ya 1.6 na 3.3 hivi. Hatukuwaambia wamwalike wala wasimwalike.

Matokeo

Masahihisho ya pili yalitoka kwa namba nzima, na sentensi moja chini yake: pengo kati ya A na B ni karibu pointi 3 katika awamu zote mbili, na halijabadilika kwa kiasi ambacho utafiti huu unaweza kukigundua. Yaliwekwa ukurasa uleule wa kichwa cha kwanza. Mhasibu mstaafu aliandikiwa barua ya pili, safari hii yenye jedwali zima.

Waandaaji hawakumrudisha C kwenye mdahalo wa kwanza. Ratiba na muda wa kusema vilikuwa vimegawanywa. Kwa mdahalo wa pili waliandika kanuni upya: namba inayohesabika ni ile iliyotolewa na mwenye utafiti, na mgombea ambaye kizingiti kimo ndani ya kiwango chake cha makosa anaingia. C akaingia. Kituo cha redio hakikusahihisha.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Sera ya namba nzima haikuwa chanzo cha kosa, ingawa ndiyo iliyoshambuliwa kwanza kikaoni. Kilichoshindikana ni kuchanganya kazi mbili: kuhesabu na kuonyesha. Unapohesabu unahitaji tarakimu zote ulizonazo. Unapoonyesha unahitaji zile tu ambazo msomaji anaweza kuziegemea. Tulihesabu kwa namba za maonyesho, halafu, kujisahihisha, tukaonyesha namba za hesabu. Ni kosa lilelile, limegeuzwa.

Kiwango cha makosa ndicho sehemu ambayo ningependa kila mwandishi wa uchaguzi akae nayo kwa saa moja. Ile pointi 2.8 inayoandikwa chini ya jedwali inahusu asilimia moja ya mgombea mmoja. Haihusu pengo. A na B wanagombania watu walewale: mhojiwa mmoja akihama kutoka B kwenda A, pengo linasogea mara mbili. Kwa hiyo kiwango cha makosa cha pengo ni karibu maradufu. Kwa namba zetu ni pointi 5.4. Na kiwango cha makosa cha *badiliko* la pengo kati ya awamu mbili ni kikubwa zaidi, karibu 7.6. Tulikuwa na badiliko la 0.4 ndani ya ukungu wa 7.6, tukaliandika kwa herufi za ukurasa wa kwanza. Hata lingekuwa pointi 2 za kweli, bado lisingetosha. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi ya kosa la kukadiria: kukadiria kulitengeneza habari, lakini sisi tulikuwa tayari kuipokea.

Namba ya redio ina fundisho lake. Kuwatoa ambao hawajaamua ni njia halali ya kuripoti, na mashirika mengi huitumia siku za mwisho, mradi yaseme hivyo. Lakini msingi ukibadilika, hesabu inaanzia kwenye watu: 558.3 kati ya 1,106.3 ni 50.5 hivi, na ukiikadiria kutoka kwenye tarakimu zake zote, 50.466, unapata 50. Kwa hesabu hiyohiyo awamu ya kwanza ilikuwa 50.2, nayo ni 50. Ile 51 ya "kuvuka nusu" ilitokana na kugawanya 47 ambayo ilikuwa imepandishwa tayari. Na namba yenye msingi mmoja ikawekwa kando ya namba yenye msingi mwingine kana kwamba A amekimbia kutoka 47 hadi 51 kwa usiku mmoja.

Kwa upande wa jumla isiyokuwa 100, kuna hatari pande zote mbili. Kisa chetu ni cha watu waliodharau dalili ya kosa la kweli. Upande wa pili ulionekana Agosti 2022 baada ya uchaguzi wa urais wa Kenya, pale makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi walipoyakataa matokeo. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba asilimia za wagombea wanne, 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zinajumlishwa kuwa 100.01, na kwamba ile 0.01 ni kura kama 142,000. Kura halali zilikuwa zaidi ya milioni 14.2, na asilimia 0.01 yake ni takriban 1,420. Na hata hizo 1,420 hazikuwa kura za mtu yeyote. Ni masalio ya kukadiria namba nne, kila moja peke yake. Ukigawanya kura za kila mgombea kwa jumla na kuziacha desimali zote, inarudi 100. Njia ya kujua uko upande upi ni moja: rudi kwenye idadi, jumlisha, kisha kadiria mwenyewe. Haichukui dakika tano. Sisi tulikuwa na idadi kwenye barua pepe na hatukuzitumia dakika hizo.

Kuhusu kizingiti, nasema bila kusita kwamba hapa ndipo kukadiria kunakuwa na madhara kwa mtu. Pengo lililotiwa chumvi huleta kelele ya wiki moja. Kizingiti humfungia mgombea mlango. Huko Ujerumani, katika uchaguzi wa jimbo la Schleswig-Holstein tarehe 5 Aprili 1992, chama cha Kijani kilionekana kimefikisha asilimia 5.0 inayohitajika kuingia bungeni. Programu iliyochapisha matokeo ilikuwa ikikadiria hadi desimali moja. Namba halisi ilikuwa 4.97. Ilipogunduliwa usiku huo, Kijani kilikosa viti na chama cha Social Democrats (SPD) kikapata wingi wa kiti kimoja. Hizo zilikuwa kura zilizohesabiwa, si sampuli, kwa hiyo kulikuwa na jibu moja sahihi na lilipatikana. Katika utafiti wa maoni jibu hilo halipo. Ukimkata C kwa 2.458 au ukimpitisha kwa 2.5, umekata ndani ya ukungu. Marekani mwaka 2015, pale nafasi za mdahalo wa wagombea wa Republican zilipogawanywa kwa wastani wa tafiti, taasisi ya utafiti ya Marist ilisitisha kwa muda tafiti zake za kinyang'anyiro hicho kwa kutokubaliana na matumizi hayo. Mwaka 2019 chama cha Democratic kiliandika katika masharti ya midahalo yake kwamba inayohesabika ni namba kuu iliyo kwenye tangazo la awali la mwenye utafiti, iwe imekadiriwa au haikukadiriwa. Sharti hilo haliondoi ukungu, lakini linazuia yaliyotukuta: mtu wa tatu kukadiria kilichokwisha kukadiriwa.

Kilichofaa? Kampuni kutuma idadi pamoja na ripoti. Bila faili lile tusingejua lolote, na tafiti nyingi hutolewa bila kitu cha namna hiyo. Mchambuzi kupiga simu badala ya kutoa tamko. Mhariri wa zamu kukubali kurudia hesabu kwa mkono wake mbele ya watu aliowazidi cheo. Na msomaji aliyejumlisha namba nne mara tatu.

Kanuni tuliyoandika imefanya kazi kwenye awamu zilizofuata. Mara mbili imetulazimisha kuchapisha pengo lisilolingana na kutoa: 45 kwa 42, pengo "karibu pointi 4". Barua zilikuja, na kwa kila moja tulituma tarakimu. Kwa mgombea mwenye chini ya nusu asilimia sasa tunaandika "chini ya 1" badala ya 0, kwa kuwa sifuri inasema hakuna hata mhojiwa mmoja aliyemtaja, na katika faili wapo.

Lililobaki ni ile 3. Watu wanaokusanya tafiti na kuchora mistari ya mwelekeo waliichukua kutoka kwenye karatasi ya Jumamosi ile, na tuliwaandikia kila mmoja tuliyeweza kumpata. Baadhi walibadilisha. Kwenye michoro mingine mstari wa C bado unaanzia juu kwenye 3 na kushuka hadi 2, nao ndio mteremko pekee katika mstari mzima.